Dai Namba Moja Liko Getini

Kila mwaka pamba ikishavunwa na baridi ya kwanza ikibisha hodi, wanafunzi wa sekondari ya Neromilos hugoma na kuikalia shule yao, walimu wakibaki nje. Hakuna anayeshangaa. Ni msimu, kama mafua. Baba zao waliikalia, mama zao waliikalia, na mkuu wa shule mwenyewe, Bwana Kleanthis, aliwahi kuikalia siku arobaini mfululizo enzi hizo akiwa bado na nywele, na hadi leo huwaelekeza wanafunzi namna ya kupanga madawati nyuma ya geti yasije yakamwangukia mtu. Utaratibu unajulikana. Mnyororo unazungushwa, kufuli linatiwa, shuka la mama wa mtu linageuzwa bango, muziki unafunguliwa. Walimu wanafika asubuhi, wanalitikisa kufuli mara moja ili ionekane wamejaribu, halafu wanavuka barabara kwenda kwa Mama Evlambia kunywa kahawa mpaka saa za kazi ziishe. Huko Athens serikali inatetemeka, bila shaka.

Mwaka huu walikuwa na sababu ya kweli, jambo lililowachanganya kidogo. Tangu Septemba shule haikuwa na mwalimu wa hisabati. Novemba hiyo inakwenda, mtihani wa taifa ni Juni, na darasa la mwisho lilikuwa halijafundishwa hata hesabu moja. Lakini msiwaonee huruma wote kwa pamoja. Wengi wao jioni walikwenda twisheni kwa Bwana Xenofon, mwenye kituo pekee cha twisheni pale mjini, na Bwana Xenofon tangu Septemba alikuwa amenenepa na kupaka kituo chake rangi mpya. Mwanawe Thrasos ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wanafunzi. Ndiye aliyeongoza mapambano dhidi ya upungufu wa walimu, maskini, akiwa na shali nyekundu shingoni na kipaza sauti cha baba yake mkononi.

Lambrini Gourna hakwenda twisheni. Mama yake alisugua sakafu zahanati, baba yake aliendesha trekta la pamba la mtu mwingine, na pamba ikiisha na kazi yake iliisha. Lakini Lambrini alikuwa na kichwa kigumu na aibu kubwa kuliko kichwa, kwa hiyo darasa zima aliliambia kwamba ana binamu mjini Larisa, bingwa wa hesabu, anamfundisha kila jioni kwenye kompyuta. Binamu huyo hakuwahi kuzaliwa. Kulikuwa na kitabu cha zamani kilichochanika nusu na meza ya jikoni. Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Na kama hisabati ingemwangusha, Mjomba Stathis alikuwa na mgahawa Stuttgart, Ujerumani, na alikwisha kumwambia dada yake kwamba nafasi ya kuosha vyombo ipo, na aproni ya saizi ya msichana ameshainunua.

Basi Lambrini alipopiga kura ya kuikalia shule, aliipiga kwa moyo wote. Pengine ni yeye peke yake.

Bango lilikuwa na madai kumi na moja. Namba moja: TUNATAKA MWALIMU WA HISABATI SASA HIVI. Hapo mambo yalikuwa sawa. Namba nne ilitaka maandazi ya jibini ya kantini yauzwe yakiwa ya moto. Namba saba ilitaka safari ya Prague iongezwe kutoka siku tano hadi saba. Namba tisa ilitaka amani duniani. Namba kumi na moja ilihusu paa la ukumbi wa michezo, ambalo kamati ililisahau kabisa mpaka lilipowadondoshea maji vichwani wakiwa kikaoni.

Ufunguo wa kufuli alikabidhiwa Lambrini, kwa sababu Thrasos alishapoteza funguo mbili siku ya kwanza. Masharti yalikuwa rahisi: mtu mzima yeyote asipite bila idhini ya mkutano mkuu wa wanafunzi. Mwaka uliopita mzazi mmoja aliingia kwa kisingizio cha kuleta pizza akaishia kuwapiga picha na kumpelekea mwendesha mashtaka. Lambrini aliapa mbele ya watu wote kwamba akiwa yeye getini, hata askofu hapiti.

Jumatano, siku ya tatu, saa sita kasorobo mchana, teksi ilisimama. Akashuka dada mmoja wa miaka thelathini hivi, nywele zimesimama kwa usingizi wa mang'amung'amu, sanduku mkono mmoja na dumu la mafuta ya zeituni mkono wa pili. Alilitua dumu, akalitazama geti, madawati, bango. Akalisoma bango lote, mpaka ile ya paa.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Namtafuta mkuu wa shule."

"Yuko kwa Mama Evlambia, hapo ng'ambo. Lakini ndani hapa haingii mtu."

"Na mimi lazima niingie."

"Dada, kila mtu ana lazima yake. Shule imekaliwa. Soma bango."

"Nimelisoma. Hiyo namba moja ndiyo mimi."

Lambrini akatoa macho.

"Naitwa Argyro Vlontaki. Mwalimu wa hisabati. Nimetoka Krete. Meli ziligoma siku mbili, nimelala bandarini juu ya sanduku hili unaloliona. Nilipewa siku tatu za kuripoti na ya tatu ni leo. Saa nane mchana daftari la shule liwe limesainiwa na kupigwa muhuri na picha ya ukurasa imefika wilayani. Ikipita hapo wananifuta, mwaka huu na mwakani, na nafasi hii inarudi kwenye foleni mpaka Februari huko, kama si Machi."

Lambrini akahesabu miezi. Machi! Machi ni kama kusema aproni. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni kwenye ufunguo, bila kumwuliza. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama vijana wanne wa zamu, na mmoja alishapiga mbio kwenda kumwita mwenyekiti.

Thrasos akaja na shali lake. Akamtazama mwalimu kupitia nondo za geti kama ofisa wa forodha.

"Una kitambulisho?"

"Thrasos, acha ujinga," Lambrini akasema. "Ni mwalimu wa hisabati. Tulimtaka, amekuja. Nafungua."

"Hufungui kitu. Kuna mkutano mkuu. Ama tumeacha kuwa na demokrasia?"

Wakati huo Bwana Kleanthis alikuwa amevuka barabara, kikombe mkononi. Alipoelezwa, uso ukamng'aa, akampa mwalimu mkono, akamkaribisha Neromilos, akamwuliza kama amekula. Kisha akaeleza kwa upole mkubwa kwamba daftari la kuripoti na muhuri vimo ofisini kwake, ofisi imo ndani ya shule, na shule imekaliwa.

"Si uwaamuru wafungue, Mwalimu?" Argyro akauliza.

"Niwaamuru? Binti yangu, hiyo ingekuwa kutumia nguvu. Ningelazimika kumpigia mwendesha mashtaka, mwendesha mashtaka angeandika, mimi ningejibu, na mwakani nastaafu." Akanywa kahawa. "Lakini vijana wetu wana busara. Nawajua. Enzi zetu tulikuwa tukimaliza mkutano kwa saa tisa tu."

Mkutano mkuu ulianza saa sita na nusu kwenye ukumbi wa michezo, chini ya paa la namba kumi na moja, ndoo nne zikikinga matone. Watu mia na ushee. Thrasos alifungua kwa kuorodhesha wasemaji. Kwanza akasimama msichana mmoja aliyetaka ijadiliwe kama mkutano ni halali ikiwa timu ya ping-pong haijaja. Ikajadiliwa. Wakaenda kuwaita wachezaji, nusu wakaja. Halafu kijana mmoja akapendekeza mwalimu aruhusiwe kuingia kama mtazamaji, bila haki ya kufundisha. Hilo lilipigiwa makofi. Halafu Thrasos mwenyewe akashika kipaza sauti, ambacho hakikuhitajika.

"Wenzangu! Fikirini. Tumeandika madai kumi na moja. Leo wanatuletea moja. Tukilipokea, kesho magazeti yatasema tumeridhika. Na namba saba je? Na namba nne? Na amani duniani, ndugu zangu, tuiache njiani? Huu ni mtego. Wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Hajatumwa na mtu!" Lambrini akapayuka kutoka nyuma. "Amelala juu ya sanduku!"

"Omba nafasi ya kusema, Lambrini. Wewe ni wa kumi na nne."

Saa ya ukutani ilisema saba na dakika tano. Akasubiri. Msemaji wa saba alizungumzia bei ya mafuta ya kupasha nyumba joto kwa jumla. Wa tisa alimshukuru kila mtu. Wa kumi na moja alisema anaunga mkono, ila hakusema nini. Lambrini alikuwa anaziuma kucha na kulaani kimoyomoyo, na kilichomchoma zaidi si Thrasos. Thrasos ni Thrasos. Kilichomchoma ni wale wengine, watoto wazuri, rafiki zake, waliokaa wametulia kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeitazama saa. Na ghafla akaelewa kwa nini: saa kumi na moja jioni wote wangekuwa wamekaa kwa Bwana Xenofon, kwenye viti vizuri, wanafanya hesabu zao. Mwalimu aje, asije, kwao ni habari ya kwenye bango.

Zamu yake ilipofika ilikuwa saba na ishirini. Alikuwa ameandaa maneno ya kishujaa kuhusu elimu ya umma, yote yakamtoka.

"Mimi sina binamu mjini Larisa," akasema.

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni utani.

"Nasema kweli. Hayupo. Nilidanganya. Kwetu hakuna pesa ya twisheni, hakujawahi kuwa. Tangu Septemba najisomea jikoni, nimefika ukurasa wa arobaini na moja na nimekwama hapo wiki tatu. Nyinyi wote mna pa kwenda jioni. Mimi sina. Na si mimi tu, wapo wengine humu hawasemi, wanajikaza kama nilivyojikaza mimi. Sisi tukiandika namba moja tulikuwa tunamaanisha. Huyo mama wa watu yuko pale nje, zimebaki dakika arobaini. Nawaomba. Sijawahi kuwaomba kitu."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, rafiki yake Chrysavgi, alianza kulia. Wengine waliinamisha vichwa. Ilikuwa aibu ya kweli, na Lambrini akapata tumaini, masikini ya Mungu.

"Asante, Lambrini," Thrasos akasema, na sauti yake ilikuwa laini kweli. "Umetugusa. Ndiyo maana tunapigana, kwa ajili ya watu kama wewe. Sasa tupige kura."

Wanaotaka geti lifunguliwe: thelathini na wanne. Wanaotaka mapambano yaendelee hadi madai yote kumi na moja: sitini na mmoja. Chrysavgi alinyoosha mkono kwa sitini na mmoja huku bado anafuta machozi. Alikuwa amelipiwa Prague.

Lambrini hakubishana. Alitoka ukumbini kama anayekwenda msalani, akapanda ngazi mbili mbili, akaingia katika ofisi ya Bwana Kleanthis, ambayo haikufungwa maana mle ndimo wanafunzi walimokuwa wakichemshia chai. Daftari kubwa la kijani lilikuwa juu ya kabati, muhuri kwenye droo chini ya pakiti ya biskuti. Akavifumbata chini ya koti, akashuka, akakimbia uwanja mzima mpaka getini. Vijana wa zamu wakamwona anasukuma madawati.

"We! We Lambrini! Kura imepigwa!"

"Nimeiona."

"Msaliti! Jamani, msaliti huyu hapa!"

Ufunguo ulikataa mara mbili. Mara ya tatu ukazunguka. Akapenya, akalirudishia geti nyuma yake, akalifunga tena na kuwarushia ufunguo kupitia nondo. Waendelee na mapambano yao. Hakuwa na ugomvi na amani duniani.

Kwa Mama Evlambia alimkuta Argyro ameshaitiwa teksi, sanduku limeegemea mlango. Bwana Kleanthis alikuwa anamweleza habari za mwaka wake wa siku arobaini. Lambrini akaweka daftari na muhuri mezani, katikati ya vikombe.

"Saa nane kasorobo, Mwalimu," akamwambia mkuu. "Hakuna aliyetumia nguvu."

Mzee akaruka kwenye kiti. Akaandika haraka kwa mwandiko wa kitoto, akasaini, Argyro naye akasaini, muhuri ukagonga mara moja, mara ya pili kwa uhakika. Mama Evlambia akapiga picha ukurasa kwa simu yake, maana ndiyo pekee iliyokuwa na chaji, ikatumwa wilayani zikiwa zimebaki dakika sita. Argyro akamkumbatia Lambrini, akamlazimisha achukue chupa ya mafuta kutoka kwenye dumu ampelekee mama yake. Bwana Kleanthis machozi yalimlengalenga.

"Binti," akasema, "umeiokoa shule hii. Sitasahau."

Na kweli hakusahau.

Mapambano yalimalizika yenyewe Ijumaa, kwa sababu wikiendi ilikuwa inaingia na heta za madarasani zilikuwa zimeishiwa mafuta. Jumatatu baraza la walimu likakaa, kama sheria inavyotaka, kuchunguza nani aliikalia shule. Bwana Kleanthis aliapa kwamba hakumtambua hata mmoja. Walimu nao, ambao kwa siku tano waliwatazama wanafunzi wao kutoka dirisha la mgahawa, mita kumi na mbili, hawakumtambua mtu. Baba yake Thrasos alileta barua kwamba mwanawe alikuwa na mafua. Ndivyo inavyokwisha kila mwaka: shule imekaliwa, na hakuna aliyeikalia.

Ila kulikuwa na jambo moja lenye ushahidi. Daftari rasmi na muhuri wa serikali vilitolewa ofisini bila kibali. Shahidi alikuwepo, tena mkuu wa shule mwenyewe, na sahihi yake ilikuwa na tarehe na saa. Wilaya ilishauliza ukurasa ulisainiwaje wakati shule imefungwa. Mtu alipaswa kuandikwa. Mwalimu mpya alisimama akapinga mpaka sauti ikamkauka, lakini alikuwa na siku tatu kazini na kura yake ilikuwa moja.

"Siku tatu tu za kusimamishwa," Bwana Kleanthis alimwambia Lambrini koridoni, akikwepa macho yake. "Tatu ndogo. Ningeweza kuandika tano."

"Hesabu zinaanza lini, Mwalimu?"

"Kesho asubuhi, saa mbili." Akajikuna shingo. "Ndiyo, inaangukia hapo hapo. Bahati mbaya."

Nyumbani Lambrini alilia mpaka akachoka. Alilia kwa hasira, si kwa majuto, na mama yake alimwacha alie, kisha akamkaangia mayai kwa yale mafuta ya Krete na kumwambia Mjomba Stathis anaweza kuivaa aproni mwenyewe.

Jumanne saa mbili asubuhi, darasa la mwisho lilikaa. Thrasos mstari wa mbele na shali lake, Chrysavgi nyuma yake. Chumba kiko chini, kinatazama barabara, na kati ya dirisha na barabara kuna ukuta mfupi tu wenye nondo. Mwalimu Argyro akafungua daftari la majina. Akaita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafika.

"Gourna, Lambrini."

"Hayupo," Thrasos akasema. "Amesimamishwa siku tatu."

"Nipo!"

Sauti ilitoka nje. Vichwa vyote vikageuka. Lambrini alikuwa amekaa juu ya ukuta, upande wa barabarani, koti limefungwa hadi kidevuni, daftari gotini. Mwalimu akaenda akafungua dirisha lote, na baridi ikaingia kwa haki sawa kwa kila mtu. Thrasos akalalamika. Mwalimu akamwambia avae shali vizuri.

Haikupita dakika tano Bwana Kleanthis akatokea uwanjani, anatembea haraka.

"Lambrini! Binti, unanitafutia nini wewe? Uamuzi unasema uwe nje ya shule."

"Niko nje, Mwalimu."

Akautazama ukuta. Akaitazama barabara. Miguu ya msichana ilikuwa inaning'inia juu ya njia ya waenda kwa miguu, ambayo ni mali ya manispaa, na manispaa haikuwa chini yake. Akatazama ng'ambo kwa Mama Evlambia kana kwamba msaada ungetoka huko. Mwishowe akavua kofia yake ya sufu, akampa kupitia nondo, akaondoka.

"Tunaanza," Mwalimu Argyro akasema, akiwa amesimama karibu na dirisha, na akaisoma hesabu ya kwanza kwa sauti kubwa, mara mbili, namba moja moja. Lambrini akaandika tarehe, akapiga mstari chini yake, akaanza.